Je, mashine inatuonea? Jibu kwa mwenye kibanda cha gemu, Pasua, Moshi

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina kibanda cha gemu hapa Pasua, Moshi. Nina PS tatu, na wateja wangu ni vijana wa mtaani na madogo wa shule. Karibu wote wanacheza mpira. Kila siku nasikia lawama moja: ukishaongoza magoli mawili mashine inakubana makusudi, wachezaji wako wanakuwa wazito, kipa anaanza kutema mipira. Wengine wanasema hiyo ndiyo akili mnemba. Tena nasikia huko mbele kila mtu atakuwa na gemu yake, inayojitengeneza kumfuata yeye. Je, ni kweli mashine inatuonea? Na hiyo ya mbele ikija, kibanda kitabaki na kazi gani? Mwanangu wa kidato cha tatu anataka kusomea kutengeneza gemu, nimwambie nini?"

Marahaba ndugu yangu, na pole na lawama. Nazijua vizuri. Hapa Arusha, kuanzia Ngarenaro mpaka Sakina, hakuna kibanda kisicho na mtaalamu wa kueleza jinsi alivyofungwa na mashine na siyo na mpinzani wake. Mimi nafundisha vijana kuandika programu, na wakishanizoea hilo huwa swali lao la kwanza. Nitakujibu kwa mapana kidogo, maana maswali yako matatu yameshikana kuliko yanavyoonekana.

Gemu kumpima mchezaji na kubadilika wakati anacheza ni jambo la zamani. Pac-Man ya mwaka 1980 ilikuwa na vizuka vinne, na kila kimoja kilikuwa na tabia yake: kimoja kinakufuata nyuma moja kwa moja, kingine kinawahi mbele ya unakoelekea. Zilikuwa kanuni chache tu zilizoandikwa na mtu, lakini aliyekaa mbele ya skrini alihisi anawindwa na viumbe wenye akili. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilikwenda mbali zaidi. Ndani yake kuna kipimo kilichofichwa, kuanzia 1 hadi 10. Ukifa mara kwa mara kinashuka na maadui wanapunguza ukali, ukitamba kinapanda. Mchezaji haambiwi chochote. Halafu mwaka 2008 kampuni ya Valve ikatoa Left 4 Dead, ambapo watu wanne wanapita katikati ya mazombi huku programu iliyopewa kazi ya mwongozaji ikipima kila mmoja amebanwa kiasi gani. Presha ikifika kileleni, mwongozaji anazuia mazombi kwa muda ili watu wapumue, kisha anaanza upya. Hata Mario Kart, ambayo watoto wanaiona ya kitoto, inampa silaha nzito aliye mkiani, na anayeongoza anaambulia ndizi.

Kwa hiyo madogo wako hawajaota. Anayecheza na mashine yenyewe anaweza kabisa kukutana na mashine inayobadilika. Lakini lawama yako inahusu mpira, na nyingi ya hizo mechi ni mtu na mtu kwenye benchi moja. Hilo lilishafika mahakamani. Mwaka 2020 wachezaji wa California waliishtaki kampuni ya EA, iliyokuwa ikitengeneza gemu ya FIFA, wakidai gemu inapandisha ugumu kwa siri ili watu wanunue pakiti zaidi za wachezaji. Walianzia kwenye hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu) ambayo kampuni ilikuwa nayo, na kweli hataza hiyo inaeleza mbinu ya kubadilisha ugumu. EA walikana, wakasema mbinu hiyo haimo kwenye FIFA. Mwaka uliofuata walalamikaji waliifuta kesi wenyewe, baada ya kupewa maelezo ya kiufundi na kuzungumza na wahandisi.

Basi mbona kipa anatema mipira? Kwanza, gemu za mpira zina kipimo cha uchovu, nacho hakifichwi. Dogo anayeongoza mawili amepata magoli hayo kwa kukimbiza watu tangu dakika ya kwanza, kidole hakijatoka kwenye kitufe cha mbio. Dakika ya 70 mabeki wake wamekwisha. Pili, aliye nyuma amebadilisha mfumo na kupandisha watu wote, wakati anayeongoza ameanza kupiga vyenga vya kuwafurahisha watazamaji. Tatu, mechi iliyoisha mbili bila hakuna anayeisimulia. Iliyogeuka dakika ya 89 inasimuliwa mpaka Kiboriloni. Kama unataka kumaliza ubishi, weka daftari. Kila mechi inayofika mbili bila, andika iliishaje. Zikifika mia moja utakuwa na hoja ya kuweka mezani, na huenda madogo wakapenda daftari lenyewe kuliko mechi.

Sasa tuje kwenye hiyo ya mbele, ambayo ndiyo inayonisumbua mimi zaidi.

Kanuni za zamani ziliandikwa na mtu: akifa mara nyingi, punguza. Akili mnemba ya sasa inajifunza yenyewe kutokana na rekodi za mamilioni ya watu wakicheza. Kila kitufe unachobonyeza kinaweza kuwa rekodi. Sehemu unayosita, adui anayekumaliza kila mara, saa unayozima, kiatu cha mchezaji ulichokitazama dukani ukaacha kukinunua, yote yanaweza kuhifadhiwa. Kutokana na hayo, programu inaweza kukisia kwamba huyu yuko karibu kuacha, au huyu akifungwa mara mbili mfululizo anakuwa mwepesi kutoa pesa. Baada ya kukisia, inachagua hatua: ikupe mpinzani gani, zawadi gani, ugumu gani. Inachagua kwa kufuata shabaha iliyowekewa na wenye gemu, na hapo ndipo pa kutazama. Watu wanaulizana kama mashine itatujua. Itatujua, tena kwa urahisi. Cha kuuliza ni imeagizwa nini baada ya kutujua.

Fikiria mzee hodari wa bao anayecheza na mjukuu wake. Anaona mtaji (hatua ya kula kete) wa kummaliza mtoto kwa mkono mmoja, lakini anauacha. Anasogeza kete mahali zitakapoliwa, mtoto anakula, ananogewa, kesho anarudi akiwa amejua kitu. Sasa mweke mzee huyo huyo, kwa ujuzi ule ule, acheze na mgeni kwa pesa. Atamwachia mgeni michezo miwili ya kwanza kwa upole kabisa, kisha atapandisha dau. Ukitazama ubao peke yake, huwezi kutofautisha upole wa kwanza na upole wa pili.

Gemu zinazojifunza ziko hapo. Shabaha ikiwa ni mchezaji apate changamoto inayomtosha, tutapata mambo mazuri sana. Mtoto mwenye mkono mmoja dhaifu atapata gemu inayompa muda wa kubonyeza. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu atapata maandishi makubwa na maadui wanaoonekana. Anayejifunza hesabu atapewa fumbo linalofuata uelewa wake. Shabaha ikiwa ni muda, au pesa, ujuzi ule ule unageuka mtego. Na hili sisemi kwa kuwatisha watu. Mwaka 2017 kampuni ya gemu ya Activision ilipata hataza ya mfumo wa kupanga wapinzani unaoweza kumkutanisha mchezaji mchanga na mkongwe mwenye silaha ya kununuliwa, ili yule mchanga aitamani na yeye anunue. Kampuni ilisema ni utafiti tu, haujaingizwa kwenye gemu yoyote. Sawa, lakini kuna mtu alikaa ofisini akaliwaza jambo hilo hatua kwa hatua mpaka likaandikwa. Ubelgiji hawakusubiri zaidi: mwaka 2018 mamlaka yao ya michezo ya kubahatisha iliamua kwamba masanduku ya kununua bila kujua kilichomo, kwenye gemu kadhaa kubwa, ni kamari.

Hapa ndipo kibanda chako kinapoingia, na kinaingia kwa namna ambayo wataalamu wa huko hawakuitegemea.

Mashine haioni mtu. Inaona akaunti. Huko wanakotengeneza gemu, akaunti moja kwa kawaida ni mtu mmoja au nyumba moja, kwa hiyo hesabu zao zinakwenda sawa. Kwako Pasua akaunti moja ni mtaa mzima. Jumamosi asubuhi yupo mtoto wa darasa la nne anayebonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Saa tisa alasiri anakaa kijana wa bodaboda anayesubiri simu ya mteja, anacheza jicho moja liko barabarani. Usiku anakuja fundi gereji aliyeanza na PS2, huyo hata padi haitazami. Kwa programu, huyo ni mchezaji mmoja ambaye asubuhi hajui kitu, mchana amechoka, usiku ni bingwa. Itakadiria katikati, na katikati hiyo itakuwa ngumu kwa mtoto na laini mno kwa fundi. Nina wasiwasi kwamba wateja wako wataisoma hali hiyo vilevile wanavyoisoma leo: inatuonea.

Hilo la ugumu ni usumbufu tu. La umri ni zito. Akaunti yako ina tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo mtoto wa miaka tisa anayeitumia ni mtu mzima machoni pa mashine. Matangazo ya kununua yanayomfikia ni ya mtu mzima, na mazungumzo na watu asiowajua yako wazi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Ni jambo jema. Lakini sheria inalinda taarifa za mtu, na hapo mtu amejificha nyuma ya jina lako. Wiki hii hii fanya hivi: fungua akaunti ya pili ya watoto kwa umri wa mtoto, weka nywila kwenye akaunti yako mwenyewe, washa sharti la kuulizwa nywila kabla ya malipo yoyote, na kama kuna kadi ya benki au namba ya malipo iliyohifadhiwa mle, iondoe. Haina gharama, na kazi yenyewe inaisha kabla umeme haujakatika.

Kuna upande mwingine wa kibanda ninaoupenda. Gemu inayomfuata mtu mmoja imebuniwa kwa mtu aliyekaa peke yake. Kwako watu hawaji kwa ajili ya ugumu uliopimwa vizuri. Wanakuja kufungana, kutaniana, na kusimama nyuma ya benchi wakisubiri zamu huku wanatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Akili mnemba inaweza kusaidia hapo kwa jambo moja: kusawazisha mechi ya dogo na bingwa. Lakini iwe wazi kwenye skrini, kwamba timu hii imeongezewa kasi kiasi hiki, na wote wawili wakubali kabla ya filimbi. Msaada wa siri utaua ubishi, na nusu ya hela yako inatokana na ubishi.

Mpinzani wa kumfunga binadamu tayari yupo, wala si habari tena. Sony walitengeneza GT Sophy, dereva wa kompyuta kwenye gemu ya mbio za magari ya Gran Turismo, na utafiti wake ukachapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2022 baada ya kuwashinda madereva bora wa gemu hiyo. Kilichonivutia si ushindi. Ilibidi wamfundishe adabu ya barabarani, yaani akatwe alama akimgonga mwenzake, la sivyo angependelea kusukuma watu nje ya njia. Mwaka 2023 akaingizwa kwenye Gran Turismo 7 kwa wachezaji wa kawaida, na hapo ndipo kazi ngumu ilipo: kumpa kila mtu mpinzani anayemtosha, anayeweza kushindwa bila kuonekana amejiachia.

Utasikia pia kuhusu wahusika wanaozungumza, kwamba utaongea na askari au muuza duka ndani ya gemu naye akujibu neno kwa neno. Ipo. Mei 2025 gemu ya Fortnite iliweka mhusika wa namna hiyo, Darth Vader wa filamu za Star Wars, kwa sauti ya marehemu mwigizaji James Earl Jones na kwa idhini ya familia yake. Hazikupita saa nyingi wachezaji wakamfanya atukane, ikabidi warekebishe haraka. Chama cha waigizaji cha Marekani nacho kikalalamika kwamba kazi ya sauti imepewa mashine bila wao kushirikishwa.

Kwa huku kwetu kuna vikwazo vitatu ambavyo matangazo hayavitaji. Modeli hizi, yaani programu za akili mnemba zinazowafanya wahusika wazungumze, zimejifunza zaidi Kiingereza, na Kiswahili zinachokijua ni cha taarifa ya habari. Ukimwambia mhusika "oya mangi, niaje, nipe ramani ya hapo" anaweza kukujibu kama afisa wa mapokezi. Maneno yetu marefu pia hukatwakatwa vipande vingi ndani ya modeli kuliko maneno ya Kiingereza, kwa hiyo sentensi yenye maana ile ile inakula hesabu nyingi zaidi, na hesabu ni pesa. Kisha kuna safari: sauti yako inageuzwa maandishi, yanakwenda kwenye seva ya mbali, jibu linaundwa, linageuzwa sauti, linarudi. Kwa bando la Pasua siku ya mvua, utakuwa umeshauawa kabla askari hajasema karibu. Na la tatu ni nani analipa. Gemu ya diski ukishainunua, mtengenezaji hatumii hata senti ukiicheza bila mtandao miaka kumi. Mhusika anayejibu kwa seva anamgharimu mwenye gemu kila anapofungua mdomo. Gharama hiyo itarudi kwako kama malipo ya kila mwezi. Binafsi bado naona muuza duka mwenye sentensi kumi zilizoandikwa na mtu mcheshi anamshinda mwenye sentensi milioni zisizo na ladha.

Kuhusu gemu inayojitengeneza yote yenyewe, nitapita haraka. Mwaka 2024 watafiti wa Google walionyesha GameNGen, modeli inayochora gemu ya DOOM ya mwaka 1993 picha baada ya picha, zaidi ya 20 kwa sekunde, bila programu ya gemu kuwepo ndani. Inakisia tu picha inayofuata kulingana na kitufe ulichobonyeza. Ajabu kweli, ila kumbukumbu yake ilikuwa ya sekunde kama tatu. Ukigeuka nyuma mlango unaweza kuwa umehama. Genie 3, modeli nyingine ya Google ya mwaka 2025, ilisogeza kumbukumbu hiyo hadi kama dakika moja. Mechi ya mpira yenye nusu mbili, kadi za njano na mtu anayedai penalti ya kipindi cha kwanza inahitaji zaidi ya hapo.

Basi kibanda kitakufa? Si kwa sababu ya akili mnemba. Kinachokibana ni simu za wateja wako, na kupotea kwa diski. PS5 ilipotoka mwaka 2020 ilikuja na toleo lisilo na sehemu ya diski, na PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila diski kabisa. Ukiitaka unanunua kando. Mashine bila diski maana yake kila gemu imefungwa kwenye akaunti, inapakuliwa kwa bando lako, na huwezi kuiuza wala kubadilishana na jirani. Ukienda kununua mashine ya nne, iwe ya mtumba au mpya, muulize muuzaji swali hilo kabla ya kuuliza bei. Kisha anza mashindano ya mwisho wa wiki yenye kiingilio kidogo na zawadi inayoonekana. Hakuna seva itakayowapa watu hicho.

Kijana wako asiambiwe kwamba kazi itachukuliwa na mashine kabla hajaianza. Lakini pia asidhani kutengeneza gemu ni kuzicheza sana. Hesabu ndiyo mlango, hasa uwezekano na takwimu, maana yote niliyoeleza hapo juu ya kukisia mchezaji anataka nini ni takwimu tupu. Akielekea PCM (fizikia, kemia na hesabu) atakuwa njia nzuri, na baadaye kuna Chuo cha Ufundi Arusha hapa jirani, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma chenye ndaki kubwa ya kompyuta, na akitaka kuzama zaidi kwenye utafiti baada ya shahada ya kwanza ipo Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru. Asisubiri vyuo lakini. Godot ni programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure, na inakubali hata kompyuta yenye nguvu ndogo.

Kazi ya kuanzia ninayompa ni bao la Kiswahili. Mashimo 32, kete 64, kanuni hazibadiliki na hakuna picha ngumu za kuchora. Hatua ya kwanza, kompyuta icheze kwa kufuata kanuni tu. Ya pili, iangalie mbele hatua chache na kuchagua inayokula kete nyingi. Ya tatu ndiyo mtihani wenyewe: ipime anayecheza nayo, halafu ichague makusudi hatua isiyo bora, ila isionekane kama imejiachia. Akifika hapo atakuwa ameonja lile lile lililowashughulisha wahandisi wa GT Sophy, na akiiweka kwenye kibanda chako siku moja kwa wiki atapata wapimaji wakali kuliko wa chuo chochote. Aanze likizo ya Juni. Akikwama kwenye kanuni za nyumba (lile shimo maalumu la bao) wakati wa namua (awamu ya kwanza ya kuingiza kete), na atakwama, maana hata watu wazima hugombana hapo, mpe anwani yangu aniandikie mwenyewe.